Haki ya Aliye Karibu na Mita

Tarehe 24 Novemba 2024 ilikuwa mpaka kwa kila nyumba ya Tanzania yenye mita ya LUKU, kwa maana mita yoyote ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa haijatiwa ufunguo mpya ingekataa umeme mpya, hata kama mwenye nyumba amelipa fedha zake halali na ujumbe wa malipo anao katika simu. Shirika la Umeme, TANESCO, lilitangaza habari hiyo miezi kadhaa kabla, na watu wakaipokea kila mmoja kwa kadiri ya fahamu yake. Hapa Manundu, mjini Korogwe, nilisikia wakisema kwamba ni hila ya kupandisha bei, nikasikia wengine wakisema kwamba mita za zamani zitang'olewa na kila mtu atauziwa mpya. Lakini wengi zaidi hawakusema lolote mpaka siku waliponunua umeme kwa simu wakaletewa, badala ya mstari mmoja wa tarakimu 20 waliouzoea, mistari mitatu.

Nimeshika kalamu kwa ajili ya mistari hiyo mitatu. Naona ndani yake jambo lililo kubwa kuliko umeme, nalo ni hili: kitu kinachoamriwa kutoka mbali, kiwe mita, kiwe simu, kiwe kompyuta ya ofisi au taa ya jua, aghalabu hakitengenezeki wala hakitengemai pasipo mkono wa mtu aliye karibu nacho, na maadamu mkono huo ndio unaoikamilisha kazi ya aliye mbali, mwenye mkono ana haki ya kufundishwa, ana haki ya kuarifiwa kabla jambo halijatendwa, na idhini yake ni ya kuombwa, si ya kudhaniwa. Haki hiyo katika nchi yetu bado ni changa mno, ilhali vyombo vinavyotawaliwa kutoka mbali vinaingia majumbani mwetu kwa kasi inayoiacha nyuma.

Kwanza tuifahamu mita yenyewe, maana wengi huibonyeza kila mwezi bila kuambiwa inafanya nini. Mita ya LUKU ya kawaida haina waya wa habari uendao kwa shirika, wala haina laini ya simu ndani yake; Dar es Salaam haiwezi kuisemesha moja kwa moja, nayo haiwezi kujibu. Njia ya kuifikia ni moja tu, yaani vile vitufe vya namba. Mtu anaponunua umeme, mashine ya shirika hutunga ujumbe wa siri unaofahamika na mita ile peke yake, ukiwa na idadi ya uniti na wakati ulipotungwa, kisha huutoa ujumbe huo katika sura ya tarakimu 20. Na mteja akiisha kuzibonyeza, mita huufumbua ujumbe, huhakikisha kuwa ni wake na kwamba haujatumika, ndipo huongeza uniti. Hivyo amri husafiri kutoka mashine ya mbali mpaka mita ya Manundu kwa mgongo wa binadamu, na mteja, zaidi ya kuwa mnunuzi, ni tarishi.

Kanuni hiyo ya tarakimu 20 ilibuniwa Afrika Kusini, ikaenea katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Walioibuni walichagua kuhesabu wakati kwa dakika, wakianzia tarehe 1 Januari 1993, na nafasi waliyoitenga kwa hesabu hiyo ndani ya ujumbe ilitosha dakika 16,777,216, yaani miaka 31 na miezi zaidi ya 10. Nafasi hiyo ndiyo iliyojaa tarehe 24 Novemba 2024, kwa mita za kanuni ile popote zilipo duniani. Dawa yake ilikuwa kuianza hesabu upya. Walakini mita iliyoanza hesabu upya ingeweza kudanganywa kwa tarakimu za zamani zilizokwisha kutumika, kwa hiyo ilikuwa sharti ibadilishwe pia ufunguo wake wa siri. Mistari miwili ya kwanza ilileta ufunguo mpya, nusu kwa nusu. Mstari wa tatu ndio uliobeba uniti. Aliyeanza na wa tatu alikataliwa, maana alikuwa anaisemesha mita kwa ufunguo ambao ilikuwa haijapewa.

Itafakari kazi hiyo kwa ukubwa wake. Mamilioni ya mita katika nchi nzima zilibadilishiwa siri ya moyo wake bila ya fundi wa shirika kupiga hodi katika kila nyumba, na kazi ile ikafanywa kwa vidole vya wenye nyumba, wapangaji, watoto wa shule, wauza duka na vijana watengeneza simu, wote wakibonyeza tarakimu 60 pasipo kukosea hata moja. Sijui kazi nyingine ya ufundi katika nchi hii iliyotegemea mikono mingi kiasi hicho kwa wakati mmoja. Ilikuwa kazi ya umma iliyofanywa na umma, na ilistahili kuitwa kwa jina hilo. Badala yake ilielezwa kama usumbufu mdogo wa mara moja, ikasahauliwa kabla mwaka haujaisha.

Katika mji wetu wa Korogwe, kama katika miji mingine, mita nyingi hazikai tena ukutani. Zimepandishwa juu ya nguzo, na mwenye nyumba hupewa chombo kidogo chenye kioo na vitufe ambacho watu wote hukiita rimoti ya LUKU. Chombo hiki kina tabia zake. Aghalabu sauti yake kwa mita hupita ndani ya nyaya zile zile za umeme wa nyumba, na aina nyingine hupita hewani. Kwa hiyo ikichomekwa kwenye ekstensheni ndefu iliyojaa chaja na redio, katika chumba cha mwisho cha uani, huenda isisikike nguzoni kabisa, na mtu akadhani tarakimu zake ni mbovu. Uniti zikiisha na nyumba ikawa giza, rimoti huishi kwa betri. Na betri zikiwa zimechoka, mtu amenunua umeme asioweza kuupokea. Tena kila rimoti sharti ifungwe na mita yake kwa kuingizwa namba ya mita, ndiyo maana rimoti ya kuazima kwa jirani haitasema na mita yako mpaka uifundishe namba yako, na ukiisha kuirudisha, jirani naye sharti aifundishe upya ya kwake. Mambo haya si magumu. Ni ya kufundishika katika muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, na kwa kuwa hayakufundishwa, yamekuwa chanzo cha malipo kwa mafundi wa barabarani, cha ugomvi kati ya wapangaji, na cha watu kulala gizani ilhali umeme wao wamekwisha kuulipia.

Nilimshuhudia bibi mmoja wa mtaa wetu katika miezi ile ya mistari mitatu. Alikuwa ameketi kibarazani na rimoti mapajani, simu yake ndogo ya vitufe pembeni, na akaniambia kwamba chombo kimemgomea tangu jana jioni. Akapita kijana anayetengeneza simu karibu na barabara kuu, akasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo unitazamie dude hili. Nimeweka namba mpaka vidole vinauma, linakataa tu."

"Umeanza na mstari upi, bibi?"

"Huu wa chini. Si ndio uliokuja mwisho? Ya juu si ya zamani?"

Kijana hakucheka. Aliichukua rimoti, na badala ya ekstensheni ya chumbani ilikokuwa ikichomekwa, akaichomeka kwenye soketi ya sebuleni iliyo jirani na mein swichi, akatoa betri mbili zilizokuwa zimeanza kutoa maji, akapangusa shaba kwa ncha ya shati lake, akatia nyingine alizozitoa kwenye saa ya ukutani ya bibi mwenyewe kwa idhini yake. Kisha akamsomea bibi tarakimu za mstari wa juu, nne nne, na bibi akabonyeza kwa mkono wake, halafu wa pili, halafu wa tatu. Uniti zilipotokea kiooni, bibi hakuuliza gharama. Aliuliza kama mwezi ujao itakuwa mistari mitatu tena. Akaambiwa kwamba utakuwa mmoja. "Basi hiyo," akasema, "wangeniandikia."

Nimelibeba neno hilo la bibi mpaka leo, kwa sababu fikra yake ilikuwa sahihi kabisa kwa maarifa aliyokuwa nayo. Katika simu yake ujumbe mpya huwa na nguvu kuliko wa zamani. Akahukumu kwamba mstari wa mwisho ndio wa haki. Matangazo ya redio yalikuwapo, naam, lakini tangazo la redio hupita saa ambayo mtu yuko shamba au yuko kisimani, na halirudi wakati rimoti iko mapajani na giza linaingia. Alichokuwa anakitaka ni karatasi.

Hamu ya kuamrisha kitu bila kukigusa si ya juzi. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York, katika ukumbi wa Madison Square Garden, mashua ndogo iliyokwenda na kugeuka kwa mawimbi ya redio pasipo waya wowote, nao wakastaajabu. Rimoti ya televisheni isiyo na waya ilitoka Marekani mwaka 1955, kazi ya mhandisi Eugene Polley wa kampuni ya Zenith, na ilifanya kazi kwa mwangaza wa tochi. Lakini ilikuwa na aibu moja, kwamba jua likipenya dirishani na kuipiga televisheni pembeni, stesheni zilibadilika zenyewe. Mwaka uliofuata Robert Adler wa kampuni hiyo hiyo akaleta rimoti ya sauti isiyosikika kwa masikio ya binadamu. Hiyo habari ya jua inanipendeza kwa sababu inaonyesha kosa ambalo mpaka leo halijakoma: chombo kilichotengenezwa kutii kila mwanga hakina njia ya kujua ni nani mwenyewe.

Kwetu televisheni ilichelewa. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwaka 1973, lakini Tanganyika ya zamani, yaani Bara, ilisubiri mpaka 1994. Basi wengi wa rika langu waliishika rimoti kwanza wakiwa watu wazima, na mara walipoizoea, mwanzoni mwa 2013, mitambo ya zamani ya analojia ikazimwa mkoani Tanga na kila nyumba ikahitaji king'amuzi, na king'amuzi kikaja na rimoti yake ya pili. Kuhusu rimoti hizi za mwanga nitasema kitu kimoja tu cha manufaa, halafu niendelee: kabla hujanunua mpya, elekeza pua ya rimoti kwenye kamera ya simu, hasa ya mbele, ubonyeze kitufe chochote huku ukitazama kioo; nuru isiyoonekana kwa jicho itaonekana hapo ikimeta, na ikimeta, ujue rimoti ni hai na ugonjwa uko kwenye televisheni au king'amuzi. Ikiwa haimeti hata kwa betri mpya, ndipo ununue ile ya aina zote inayouzwa madukani, uibonyeze kitufe cha kupanga mpaka taa yake ibaki inawaka, kisha uiache itafute mpaka televisheni izimike yenyewe. Hapo simama na uhifadhi.

Walakini rimoti ya televisheni haina madhara makubwa. Mwenye kuishika yuko chumba kimoja na kitu anachokiamrisha, na akikosea anaona papo hapo. Jambo hugeuka pale mwenye amri anapokuwa ghaibu. Sisi wa Korogwe tungepaswa kulifahamu hilo kuliko wengi, kwa kuwa tunakaa jirani na chimbuko la umeme wenyewe. Kituo cha Hale, katika wilaya yetu, kilianza kazi mwaka 1964 kwa maji ya mto Pangani kikiwa na uwezo wa megawati 21, na chini yake kikafuata kituo kipya cha maporomoko ya Pangani chenye megawati 68, katikati ya miaka ya 1990. Umeme wa vituo hivyo haukai huku. Huingia katika gridi ya Taifa, na gridi husimamiwa kutoka Ubungo, Dar es Salaam.

Katika mitambo ya namna hiyo, ambako amri moja yaweza kuua mtu, wahandisi wa dunia nzima walikwisha kulikata shauri hili zamani. Pembeni ya mtambo unaoamriwa kutoka mbali huwekwa swichi ya kuchagua: upande mmoja amri hutoka mbali, upande wa pili amri hutoka mahali penyewe. Fundi anayekwenda kutia mikono yake ndani huigeuza swichi upande wa mahali penyewe, hutia kufuli, ufunguo akautia mfukoni mwake, akatundika kibao chenye jina lake. Na kuanzia hapo aliye mbali, awe mkubwa kiasi gani, hawezi kuuwasha mtambo ule mpaka fundi atoe kufuli lake mwenyewe. Hakuna anayeiona kanuni hiyo kuwa ni dharau kwa mkubwa. Ni insafu tu: anayeweza kuumizwa na amri ndiye anayepewa neno la mwisho juu yake.

Nauliza kwa nini kanuni hiyo, iliyo wazi namna hii Hale, inapotea inapofika mlangoni pa nyumba ya mtu Manundu.

Tazama kompyuta za ofisi. Siku hizi shule, zahanati, kampuni ya mabasi au duka la jumla la Korogwe likiharibikiwa na programu ya mahesabu, aghalabu halimngoji fundi apande basi kutoka Dar es Salaam. Fundi hukaa huko huko akaingia kwa programu kama AnyDesk au TeamViewer, ambazo zote asili yake ni Ujerumani. Karani humsomea kwa simu namba iliyo kiooni mwake, kisanduku hutokea kikimtaka akubali, naye akikubali huona mshale ukitembea wenyewe kana kwamba kuna mtu asiyeonekana ameketi kitini. Ni neema kubwa kwa mji kama wetu. Lakini kuna mlango wa pili katika programu hizo, nao ni neno la siri la kudumu, linalomruhusu fundi kuingia wakati wowote pasipo mtu kubonyeza "Kubali"; na mafundi wengi huliweka kwa ajili ya wepesi wa kazi, kisha mkataba wao ukaisha, karani akahamishwa, kompyuta ikabaki ileile na mlango ukabaki wazi. Ningependa kila mwenye ofisi katika mji huu aulize leo hii ni nani walio na neno la siri la kompyuta zake, alibadilishe, na akiona jina la programu ya kuingilia asiyoijua, aitoe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika kompyuta ya mtu bila ruhusa, lakini sheria hukamata baada ya hasara. Kufuli hukamata kabla.

Wezi nao wamejifunza njia hiyo. Hupiga simu kwa sauti ya taadhima, wakajitia kuwa wa benki au wa mtandao wa simu, wakamwomba mtu apakue programu "ya kurekebisha tatizo", kisha awasomee namba iliyotokea. Aliyewasomea amewapa mkono wake wa karibu, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kusema kwamba elimu ya jambo hili ni dharura: mwizi wa mbali hana nguvu yoyote pasipo mtu wa karibu wa kumbonyezea, na mtu aliyefundishwa kwamba mkono wake ndio ufunguo hatautoa kwa sauti nzuri tu.

Nafika sasa kwenye vitu vya mkopo, mahali ambapo nazungumza kwa uchungu zaidi. Tangu mwaka 2012 hivi, kampuni kama M-KOPA ya Kenya na Off Grid Electric iliyoanzia Arusha, ambayo baadaye ilichukua jina la Zola, zilileta taa za jua za kulipia kidogo kidogo kwa simu. Chombo hufungwa malipo yakichelewa, na hufunguliwa malipo yakiingia, pasipo mtu kuja kukichukua. Baadaye simu zenyewe zikaanza kuuzwa hivyo, zikiwa na programu ndani yake inayoweza kuzifunga zikawa jiwe. Sisemi kwamba biashara hii ni dhuluma. Watu wasio na shamba la kuweka rehani, waliokuwa wanachoma mafuta ya taa, walipata mwangaza kwa njia hiyo, na mkopeshaji sharti awe na dhamana ya mali yake.

Lakini hebu tuipime kwa kanuni ile ya Hale. Mtu wa kijiji cha Handeni ambako mtandao hushikika juu ya kilima tu amelipa asubuhi, fedha imefika, lakini chombo chake hakijapata habari ya kufunguliwa kwa sababu habari hiyo hupita katika mtandao asio nao. Analala gizani akiwa hana deni. Mwendesha bodaboda ambaye simu ndiyo duka lake amefungiwa saa moja jioni, na namba za wateja wake ziko ndani. Mwingine amemaliza deni lote, ila programu ya kufunga imebaki katika simu yake, na hajui kama iko siku itaamka. Katika hali zote tatu, aliye karibu na kitu hana swichi yoyote ya mahali penyewe, hana kufuli, hana kibao. Naona ni haki, na si ihsani, kwamba mkataba wa kitu kinachoweza kufungwa kutoka mbali uandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, useme wazi kitafungwa lini na baada ya onyo gani. Kwamba kila chombo kiwe na njia ya kufunguliwa kwa tarakimu za kubonyeza pale mtandao unapokosekana, kama LUKU ilivyoweza miaka yote hii. Kwamba simu iliyofungwa ibaki na uwezo wa kupiga namba za dharura. Na kwamba siku ya malipo ya mwisho programu ya kufunga iondolewe kabisa na mnunuzi apewe uthibitisho. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ina mamlaka ya kusimamia mawasiliano. Hayo niliyoyataja hayahitaji chombo kipya cha serikali. Yanahitaji vilivyopo vilione jambo hili kuwa ni kazi yao.

Nguvu ya aliye mbali ina tabia ya kuongezeka kimya kimya. LUKU ililetwa kwa ajili ya umeme, lakini tangu Agosti 2021 kodi ya majengo nayo hukatwa humo humo wakati wa kununua umeme, ikianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi ni halali, na njia hiyo imepunguza gharama za kuzunguka mitaani. Walakini wapangaji wengi waliilipa kodi ya nyumba isiyo yao kwa sababu mita iko mikononi mwao, na ilibidi wakae na wenye nyumba kuhesabiana, mazungumzo ambayo si kila mpangaji anathubutu kuyaanza. Njia iliyojengwa kwa jambo moja ikiisha kuwapo, jambo la pili hupita humo bila kubisha hodi, na mwenye kuumia ni yule yule aliye karibu na asiye na sauti.

Na sasa zinakuja mita janja. Zimeanza kufungwa nchini, na faida yake ni dhahiri: mtu hulipa kwa simu na uniti zikaingia zenyewe, pasipo tarakimu 20, pasipo rimoti iliyochoka betri, na shirika huona hitilafu bila ya kungoja mtu apige simu. Bibi wa mtaa wetu hatahitaji tena kuhesabu mistari. Nazitaka mita hizo zije Korogwe, tena zije upesi. Ila naomba ifahamike kwamba siku hiyo utarishi wetu utakuwa umekwisha. Kwa mara ya kwanza nyumba itaweza kukatiwa umeme kwa amri ya mtu aliye ghaibu bila ya mkono wowote wa karibu kushiriki, na nyumba huwa na mgonjwa, huwa na mashine ya kukamulia juisi, huwa na mayai yaliyo kwenye kitotoleshi tangu wiki mbili.

Kwa hiyo kabla mita ya kwanza ya namna hiyo haijapandishwa nguzoni Manundu, ningeomba mambo machache, nayaandika kwa TANESCO, kwa EWURA iliyo msimamizi wa huduma hiyo, na kwa Halmashauri yetu ya Mji. Uitishwe mkutano wa mtaa, saa ambayo wenye maduka wamefunga na watu wa mashambani wamerudi, na fundi aje na mita yenyewe mkononi, aiwashe na kuizima mbele ya watu. Aonyeshe ujumbe wa onyo utakuja vipi na saa ngapi kabla ya kukatwa, aonyeshe mtu afanye nini mtandao wa simu ukianguka ilhali amelipa, na asiondoke mpaka mtu mzima mmoja kutoka katika wasikilizaji amekwisha kuzirudia hatua hizo kwa mkono wake mwenyewe. Vijana watengeneza simu wa mji huu, ambao waliibeba miezi ile ya mistari mitatu bila ya kuitwa na mtu, waitwe safari hii kwa majina yao, wapewe mafunzo mafupi ya VETA na cheti, ili anayepiga hodi nyumbani kwa bibi awe anajulikana. Na kila nyumba iachiwe karatasi moja ya Kiswahili, ya maandishi makubwa, yenye namba ya mita, hatua za kufuata, na namba ya simu inayopokelewa usiku, ibandikwe ukutani juu ya mein swichi.

Karatasi hiyo gharama yake ni ndogo kuliko ya betri mbili za rimoti. Ichapwe sasa, wakati mita bado zimo ndani ya maboksi.